Ile dokumentari ya Rodriguez: Afrika Kusini isiyo na Waafrika?

Mwana Mazimbu (mtoa mada)

Wakuu, salaam.

Juzi usingizi uligoma, nikaiangalia upya Searching for Sugar Man. Mara ya kwanza niliiona 2013, ile baada ya kubeba Oscar, kwenye kompyuta ya rafiki yangu chuoni, nikatokwa na machozi mbele za watu. Safari hii yamenitoka tena, tena palepale: Cape Town, Machi 1998, mzee Rodriguez kapanda jukwaani, watu wanapiga kelele mpaka hawezi kuanza, halafu besi ya "I Wonder" inaingia na ukumbi unapasuka. Ila machozi yalipokauka kuna kitu kikabaki kooni. Nimekaa nacho siku tatu, leo nakitua hapa.

Kwa ambao hawajaiona. Sixto Rodriguez alizaliwa Detroit mwaka 1942, mtoto wa sita wa wahamiaji kutoka Meksiko, ndiyo maana akaitwa Sixto. Alitoa albamu mbili chini ya lebo ya Sussex, Cold Fact mwaka 1970 na Coming from Reality mwaka 1971. Marekani hazikuuza kitu. Jamaa akarudi kwenye kazi za mikono, kubomoa nyumba na kukarabati, akalea mabinti zake. Bila yeye kujua, Cold Fact ikafika Afrika Kusini na kusambaa kama moto wa nyika. Vijana wakaikariri yote, na wakaamini mwimbaji alijiua jukwaani: huyu anasema alijipiga risasi, yule anasema alijichoma moto. Miaka ya tisini mwenye duka la santuri wa Cape Town, Stephen Segerman, na mwandishi wa habari Craig Bartholomew Strydom wakaanza kumsaka. Kilichowatoa ni neno moja ndani ya wimbo: Dearborn. Wakafungua ramani, Dearborn hiyo iko Michigan, ubavuni mwa Detroit. Wakampata prodyuza Mike Theodore, wakamuuliza yule jamaa alikufaje. Akawashangaa. Hajafa, yuko mzima.

Hadithi tamu, na aliyeisimulia, marehemu Malik Bendjelloul wa Sweden, alikuwa fundi. Pesa zilipomwishia, picha zilizobaki alizipiga kwa programu ya simu ya dola mbili hivi, na huwezi kujua. Sidharau kazi yake.

Sasa linalonikera. Filamu nzima inatuambia "Afrika Kusini" ilimpenda. "Afrika Kusini" ilijifunza kutoka kwake kwamba serikali inaweza kupingwa. Kuna mahali wanasema hata neno la kupinga mfumo hawakulijua mpaka walipolisikia kwenye sahani ile ya santuri. Nikajiuliza, nani hao waliokuwa hawajui? Kuna mtu wa Soweto mwaka 1971, ana pasi mfukoni anayokaguliwa kila kona, anasubiri sahani kutoka Detroit imwambie kwamba anaonewa? Nikasimamisha picha pale ukumbini nikaanza kutafuta nyuso. Nyeupe, nyeupe, nyeupe. Mwaka wenyewe ni 1998, Mandela ni rais miaka minne sasa! Na hakuna hata mara moja mtu anasema wazi kwamba tunazungumzia Wazungu.

Mimi mtoto wa Morogoro. Baba alikuwa seremala pale Mazimbu, enzi za shule ya ANC iliyopewa jina la Solomon Mahlangu, yule kijana aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979 akiwa na miaka 22. Karakana ya samani nayo ilikuwa na jina la mtu: Vuyisile Mini. Mini alikuwa mtu wa vyama vya wafanyakazi na mtunzi wa nyimbo. "Ndodemnyama we Verwoerd" aliyoiimba Miriam Makeba ni ya kwake. Yeye walimnyonga Novemba 1964. Kwa hiyo baba yangu alikuwa anapiga randa madawati ndani ya karakana yenye jina la mwanamuziki, na mwanamuziki huyo alishakuwa kaburini zaidi ya miaka mitano kabla Cold Fact haijatoka. Wakimbizi walikuwa wanaimba hizo nyimbo pale, sauti nne, bila gitaa. Baba mpaka leo anazo vipande vipande.

Halafu kuna jambo la pili ambalo naona ni baya kuliko la kwanza. Katika filamu nzima, mtu mweusi anayepewa nafasi ya kukaa na kuzungumza kwa kirefu ni mmoja tu: Clarence Avant, mwenye lebo ya Sussex. Na anafanywa nini? Anafanywa mwizi. Kwanza anamsifia Rodriguez kwa upole kabisa, halafu anaulizwa mirabaha ya Afrika Kusini ilikwenda wapi, anachemka, anasema hawezi kuanza kuumiza kichwa kwa ajili ya mkataba wa 1970. Wakubwa wa lebo za Afrika Kusini, Wazungu, nao wamehojiwa kabla yake, wakasema sisi tulituma pesa Marekani. Wakaachwa wakaenda zao. Hakuna aliyewaomba risiti.

Je, ni mimi tu nina macho mabaya? Karibuni.

Mchokozi

Mkuu, nilivyoona kichwa cha uzi nikajua leo tunapelekwa kwenye rangi. Filamu inamhusu Rodriguez. Mashabiki wake walikuwa Wazungu. Ulitaka wapakwe masizi? Ukitengeneza dokumentari ya Msondo utawahoji watu wa Msondo, huwezi kwenda kuhoji wanakwaya wa Kijitonyama eti usawa wa uwakilishi.

Na kuna kitu umekosea waziwazi. Rudi mwanzoni kabisa. Segerman mwenyewe anasema katikati ya miaka ya sabini ungeingia nyumba yoyote ya Wazungu waliberali, tabaka la kati, wenye gramafoni, ungekuta sahani tatu: Abbey Road ya Beatles, Bridge over Troubled Water ya Simon na Garfunkel, na Cold Fact. Kasema Wazungu, kwa kinywa chake. Sasa umefichwa nini?

Mwana Mazimbu

Mkuu nimerudi nikaangalia. Kasema kweli. Ile sentensi yangu ya "hakuna hata mara moja" naifuta, nakuomba radhi na wengine pia.

Lakini angalia linavyotumika. Analitaja pale, mara moja, tunaendesha gari kando ya bahari. Baada ya hapo linapotea, kinachobaki ni "Afrika Kusini", "nchi nzima", "sisi". Inafika mahali Rodriguez anatajwa kuwa mkubwa kuliko Rolling Stones. Kwa nani? Ukisema Simba inapendwa na Tanzania nzima huku umehoji Kariakoo peke yake, huwezi kujitetea kwamba Kariakoo uliitaja dakika ya tatu.

Mchokozi

Simba INAPENDWA na Tanzania nzima. Endelea.

Mkata Picha

Nacheka, ila mada nzito.

Mimi nakata video za harusi, mwaka wa kumi na moja huu, acha niseme kwa upande wa kazi. Mteja anakupa kazi, unaenda ukumbini, kamera mbili. Moja iko meza kuu haitoki. Ya pili inazunguka: wazazi, kamati, mashangazi wenye sare, wanaocheza vizuri. Nje, chini ya mwembe, kuna akina mama tangu alfajiri wako na masufuria, macho mekundu kwa moshi. Pilau la watu mia nne limetoka kwao. Kwenye video hawamo. Hakuna aliyekuja kuniambia "usiwapige picha wale". Ni kwamba harusi ina hadithi yake, hadithi inaanzia saluni inaishia kwenye keki, na mwembe hauko njiani.

Mwaka juzi bibi harusi mmoja akaniuliza, "Bibi yangu yuko wapi kwenye video?" Nikatafuta kwenye mafaili yote. Bibi yake alikuwa mwembeni. Nilikuwa na sekunde mbili tu, mgongo wake, anakoroga, na nilikuwa nimempiga kwa bahati tu wakati namfuata mtoto mwenye puto.

Sasa kwenye Sugar Man. Mnajua jamaa alikata nini kingine? AUSTRALIA. Rodriguez alifanya ziara Australia mwaka 1979, akarudi tena 1981 akapiga pamoja na bendi ya Midnight Oil. Hata albamu ya jukwaani ilitoka kutokana na ile ziara ya 1979. Kwenye filamu hakuna Australia, hata ramani yake. Kwa nini? Kwa sababu mtu aliyekuwa anajaza kumbi Australia mwaka 1979 huwezi kumfufua Cape Town mwaka 1998. Ufufuo unakufa. Hadithi inataka jamaa awe hajui kabisa kwamba anapendwa popote duniani, basi Australia inakwenda sakafuni.

Ndiyo maana sikubaliani na mtoa mada kwamba ni macho ya Kizungu tu. Ni kisu. Kisu kilekile kilichokata Australia ndicho kilichokata Soweto.

Bibi Karafuu

Mwanangu Mkata Picha, hiyo ya bibi mwembeni imeniliza. Mtafutie hizo sekunde mbili umpelekee.

Mie naongeza la majina. Mnaonaje kwamba mwaka 1967, Rodriguez alipotoa sahani yake ya kwanza kabisa, ile ndogo, jina liliandikwa "Rod Riguez"? Jina la ukoo limekatwa vipande viwili ili lisikike la mtu wa huko. Huku kwetu Unguja tunao wetu, Farrokh Bulsara, kazaliwa 1946, wazee wake Waparsi, watu wa dini ya Zoroaster wenye asili ya India, wakaondoka mwaka wa Mapinduzi, na dunia ikaja kumjua kwa jina la Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen. Watalii wanapiga picha Shangani mchana kutwa mlangoni mwa nyumba. Ukimuuliza kijana anayewatembeza, Mparsi ni nani, walikuwa wanaishije hapa, moto wao waliusalia wapi, hajui, na si kosa lake, hakuna anayeuliza. Rodriguez angalau mwishowe jina lake alirudishiwa zima.

Na la pili. Mabinti watatu wa Rodriguez wanazungumza vizuri mno katika ile filamu, tena wana heshima na baba yao mpaka raha. Mama zao wako wapi? Watoto hawakuokotwa kwenye theluji ya Detroit. Mume yuko juu ya mapaa ya watu anabomoa, kuna mtu nyumbani alikuwa anapika na kusubiri. Huyo naye yuko mwembeni.

Msafiri Jozi

Niko Johannesburg mwaka wa tisa, acha nichangie kidogo nilichokiona.

Baada ya Rodriguez kufariki, Agosti 2023, nilianza kuwauliza watu kazini. Wazungu wa miaka hamsini na kuendelea: wote wanamjua, wawili walianza kuimba hapohapo, mmoja alisema alikuwa na kanda yake jeshini mpakani. Wenzangu wa Soweto: hawamjui, isipokuwa mmoja aliyeona filamu. Mimi ningeishia hapo ningesema mtoa mada kashinda. Lakini dereva wetu mmoja, Khaladi (mtu wa rangi mchanganyiko) wa Cape Town, mtu mzima, akasema kwao walikuwa na hiyo kanda na kaka yake aliipiga mpaka ikakatika. Kwa hiyo mstari haukuwa umenyooka namna hiyo. Kanda haiulizi pasi.

Ila nilipowauliza wa Soweto roki yao wao ilikuwa ipi, mzee mmoja alinitazama kama nimetukana. Akasema Harari. Sijui wangapi humu mnalijua hilo kundi. Walianza wakiitwa The Beaters, vijana wa Soweto na magitaa, wakaenda kupiga Rhodesia, Zimbabwe ya leo, wakakaa kwenye kitongoji kilichoitwa Harari, wakarudi na jina jipya na sauti mpya. Mpiga ngoma wao Sipho Mabuse baadaye akawa nyota peke yake. Gitaa za umeme, afro, nywele za mviringo, kila kitu. Wakati huohuo kabisa! Vijana wa Kizungu wanasikiliza Mmarekani asiyejulikana kwao wakidhani amekufa, na umbali wa nusu saa kwa gari kuna bendi hai ya roki inapiga, na hawaruhusiwi kukaa nayo ukumbi mmoja.

Hilo nalo ni filamu. Ningelipa kuiona.

Mchokozi

Sasa hapo mnazungumza vizuri. Lakini mimi bado natetea kitu kimoja na msinirukie.

Wale vijana wa Kizungu walikuwa watu. Kila kijana wa kiume wa Kizungu alilazimishwa kwenda jeshini. Nyumbani baba ni mtu wa kanisa, shuleni mwalimu ni mtu wa serikali, televisheni hawakuruhusiwa mpaka 1976. Mtu wa namna hiyo akisikia gitaa linaloimba kuhusu meya anayeficha idadi ya uhalifu na Papa wa Roma mwenye maoni yake juu ya uzazi wa mpango, kwake ni mlango. Mdogo, ndiyo. Baadhi yao ndio wakaja kuwa kina Johannes Kerkorrel na Koos Kombuis, ile ziara yao ya Voëlvry ya 1989, wakaimba kwa Kiafrikana kumkejeli rais wao wenyewe na wakafungiwa redioni. Filamu inayaeleza hayo na inayaeleza vizuri. Ukimtaka mkurugenzi kila baada ya dakika tano aseme "lakini Waafrika waliteseka zaidi", unaua hadithi na hujamsaidia Mwafrika yeyote.

Mwana Mazimbu

Hapa nakubaliana na wewe zaidi ya unavyodhani. Sitaki aongezewe Mwafrika mmoja wa kulia machozi dakika ya arobaini. Hiyo ya kuweka mtu ili hesabu itimie naichukia kuliko kumwacha, ni kumgeuza mtu kuwa kiungo cha mchuzi.

Ninachosema kimekaa zaidi kwenye alichosema Mkata Picha. Filamu inahitaji Afrika Kusini iwe sanduku lililofungwa. Hakuna habari inayotoka, hakuna inayoingia, ndiyo maana hakuna aliyejua Rodriguez yu hai, ndiyo maana Rodriguez hakujua anapendwa. Muujiza unakaa kwenye huo mfuniko. Sasa fikiria ungeingiza Waafrika ndani ya hadithi. Mfuniko unafunguka papo hapo! Kwa sababu Waafrika wa Afrika Kusini walikuwa wanatoka na kuingia dunia nzima. Makeba yuko Guinea, mpiga tarumbeta Masekela yuko Marekani, watu wako London, Lusaka, na watoto wa Soweto waliokimbia baada ya maasi ya Juni 1976 wako Mazimbu wanakula ugali na maharage na baba yangu. Sanduku lilikuwa limefungwa kwa waliolifunga. Walioko nje ya uzio walikuwa na habari za dunia kila siku.

Hata ile sehemu nzuri ya maktaba ya SABC, shirika la utangazaji la serikali, mwanamama anatoa sahani halisi, unaiona kabisa alama ya kitu chenye ncha kilivyokwaruza juu ya wimbo wa "Sugar Man" ili mtangazaji asiweze kuupiga hata akitaka. Nilishika kichwa. Kitu kidogo, mkwaruzo, na umebeba serikali nzima. Lakini SABC ileile ilikuwa na Radio Bantu, imewagawa watu Wazulu kwao, Wasotho kwao, Waxhosa kwao, ili wasisikilizane. Kamera ilikuwa ndani ya jengo. Ilihitaji kugeuka tu.

Wa Nairobi

Wadau, nimesoma uzi wote nikiwa ndani ya matatu, nikapitiliza stegi yangu. Nataka nirudi kwa Avant maana naona mmemuacha.

Huyu mzee si mtu wa kupita njia. Amezaliwa Carolina Kaskazini mwaka 1931, enzi za ubaguzi wenye sheria. Sussex hiyohiyo ndiyo iliyomtoa mwimbaji Bill Withers, wakati Withers alikuwa fundi kiwandani. Baadaye Avant akaja kuwa mkuu wa lebo ya Motown. Watu weusi wa biashara ya muziki Marekani wanamuita Baba wa Ubatizo, maana aliwafungulia milango wengi sana. Yaani mtu mweusi mwenye lebo yake mwaka 1970 anasaini Mmarekani mwenye asili ya Meksiko anayefanya kazi za mikono, anamlipia albamu mbili, ya pili wakaenda kurekodi London. Hicho nacho ni kisa cha uwakilishi na filamu inakipita mbio.

Sisemi alilipa. Sussex ilikufa 1975, na mambo ya nani alikula nini yalifika hadi mahakamani Marekani baada ya filamu. Kuna jambo hapo. Lakini mtu yeyote aliyewahi kusubiri mirabaha yake hapa Afrika Mashariki anajua pesa ya wimbo hupitia mikono mingapi. Mimi ndugu yangu ni mwanamuziki wa benga. Siku moja alialikwa na wale wakusanyaji akachukue gawio la mwaka. Akavaa suti. Akapanda matatu mbili. Akapewa hundi isiyorudisha nauli. Alipouliza, kila mtu alimwonyesha mlango wa pili. Hapo ndipo nikaelewa: yule wa mwisho kwenye foleni ndiye anayeonekana mwizi, kwa vile yeye ndiye umemkuta ofisini. Kwenye filamu, wa mwisho kwenye foleni ni mzee mweusi. Aliyechapisha sahani Johannesburg, akaziuza kwa miaka ishirini na zaidi, akijua hajawahi kumwona wala kumsikia mwenye wimbo, ameketi kwa raha anasema "sisi tulituma".

Kitu kingine cha ajabu. Rodriguez amefariki tarehe 8 Agosti 2023, ana miaka 81. Avant amefariki tarehe 13 Agosti, mwaka huohuo, ana miaka 92. Siku tano. Nilikuwa nasoma taarifa ya pili sijamaliza kuhuzunika ya kwanza.

Mkata Picha

Wa Nairobi, hapo kwa Avant naongeza la kiufundi halafu nalala. Tazama walivyokaa. Wale wa lebo za Afrika Kusini wanahojiwa kwa kuulizwa "ilikuwaje", maswali ya kumbukumbu. Sauti ya muuliza huisikii sana. Kwa Avant muuliza anasikika, anasukuma, anarudia. Mtu akihojiwa hivyo, jasho linamtoka hata kama hana hatia. Na huo uchaguzi wa kuacha sauti ya muuliza ndani ni wa meza ya kukata, si wa siku ya mahojiano. Ningeweza kumfanya padri aonekane jambazi kwa namna hiyo. Nishawahi kumfanya mjomba mlevi aonekane msomi, kwa mteja aliyelipa vizuri.

Bibi Karafuu

Mkurugenzi mwenyewe baba yake Mwaljeria. Si kwamba alikuwa hajui mtu kuwa pembeni ni nini. Kaondoka mapema mno, miaka 36, Mola amrehemu. Nadhani angetuelewa.

Mchokozi

Bibi, hapo sibishi.

Lakini niulize, na ni swali la kweli. Hiyo filamu ya Harari ambayo Msafiri atalipa kuiona, hiyo ya nyimbo za Mazimbu, nani anaitengeneza? Maana tumekaa tunamlaumu Mswidi aliyetumia simu. Simu tunazo.

Mwana Mazimbu

Swali lako limenipeleka nyumbani jana jioni. Nimetoka kwa baba, Kihonda. Nilimchezea Cold Fact kwa simu, niliweka kwenye kikombe ili sauti ikue. Hajui Kiingereza cha nyimbo, akasikiliza "Sugar Man" mpaka mwisho akiwa amefumba macho. Akasema mtu huyu anaimba kama anayefanya kazi peke yake. Nikamweleza habari yote, Detroit, kubomoa nyumba, sahani kuuzwa nchi ya mbali. Swali lake la kwanza: "Walimlipa?" Nikasema hapana, au kidogo sana, na baadaye mno. Akatikisa kichwa, akaniuliza tena kama nina hakika alikuwa hajui.

Halafu nikamwomba Ndodemnyama. Akaanza vizuri, beti ya kwanza na kiitikio. Beti ya pili ikagoma. Akajaribu kuipata kwa sauti ya chini, akajaribu ya juu, akagonga meza kama alivyokuwa akiwaona wanagonga. Haikuja. Akasema aliyekuwa anaianzisha pale karakanani ni kijana mmoja mrefu, yuko kwenye makaburi pale Mazimbu, na wale wengine waliondoka wote ANC walipoikabidhi Mazimbu kwa serikali yetu mwaka 1992. Nimemrekodi, dakika kumi na moja, na jogoo anasikika nyuma.

Mkata Picha, nikitaka kumrekodi vizuri zaidi nahitaji maiki ya aina gani isiyozidi laki moja? Na mwenye kanda yoyote ya kwaya ya Mazimbu au Dakawa, hata iliyoharibika, aje inboksi tafadhali.

Mkata Picha

Ile ya kubana kwenye kola inatosha, chukua yenye waya, zisizo na waya za bei hiyo zinakoroma. Na mfungie yule jogoo.

Bibi Karafuu

Jogoo muache.